Lori Lililolala Lubudi: Uiamshe Injini, Uifanyie Oveholi au Ununue Nyingine?

Ukipita Lubudi, kuanzia mji wenyewe wa kiwanda cha saruji na stesheni ya reli hadi vijiji vya njia ya Fungurume na ya Bukama, hukosi kuona lori la zamani limesimama uani, tairi zimelala, nyasi zimeota katikati ya chesisi. Mwenyewe hakulitupa. Aliliegesha siku fedha ya spea ilipokosekana, na miaka ikapita. Leo mahindi yanataka kufika Kolwezi, magunia ya makaa yanataka kufika Kolwezi, saruji na mbao zinatafuta gari kila wiki, na nauli ya kukodi inakula faida yote. Ni haki mwenye lori ajiulize kama chuma kile hakiwezi kurudi barabarani.

Akiuliza watu atapata majibu matatu. Fundi wa jirani atamwambia, "Lete betri, tuwashe." Fundi wa Kolwezi atamwambia injini ishushwe ifanyiwe oveholi. Muuza spea atamwambia asipoteze muda, anunue injini ya mtumba. Kila mmoja anapendekeza kile anachokiuza. Hakuna aliye mwongo, lakini hakuna hata mmoja aliyeipima injini. Hapo ndipo fedha za watu wetu zinapopotelea: wanalipia jibu kabla ya swali kuulizwa.

Makala haya yanalinganisha njia tano, kuanzia ile ya bei ndogo kuliko zote. Bei za spea katika Lualaba hupanda na kushuka pamoja na dola, usafiri na forodha ya Kasumbalesa, kwa hiyo sitakupa orodha ya bei itakayopitwa na wakati. Nitakuonyesha unalipia nini katika kila njia, ipi inafaa lini, na namna ya kupiga hesabu kwa bei utakazopewa wewe. Pale nitakapotaja dola, ni mfano wa hesabu, si bei ya soko.

Jua kwanza una injini gani

Tuchukue lori lenye pua la Mercedes-Benz 1113, ambalo mafundi wengi wa Afrika wamejifunzia kazi juu yake. Namba hiyo ina maana: tani 11 za uzito wote, gari na mzigo pamoja, na nguvu farasi 130. Injini yake ni OM 352: silinda 6, sentimita za ujazo 5,675, kipenyo cha silinda milimita 97, mwendo wa pistoni milimita 128. Ilitoka kiwandani Ujerumani kuanzia 1964. Haina kompyuta wala sensa. Ikishapata stata ya kuizungusha, dizeli safi na hewa, inafanya kazi bila umeme wowote. Ndiyo maana injini ya namna hii inaweza kulala miaka kumi na bado ikaamka, wakati lori la kisasa lililolala muda huo huo litakudai waya, sensa na mtu mwenye mashine ya kusoma kompyuta.

Kuna jambo la kukupunguzia gharama hapa. Kampuni ya Tata ya India ilitengeneza malori kwa leseni ya Daimler-Benz kuanzia 1954, kwa muda wa miaka kumi na mitano. Injini yake ya Tata 697 ina vipimo vile vile vya 97 kwa 128. Kwa hiyo spea za India mara nyingi huingia kwenye OM 352, na bei yake huwa chini kuliko ya Ujerumani. Lakini usinunue kwa kusikia. Chukua spea ya zamani mkononi, iweke kando ya mpya, pima kwa kalipa, ndipo ulipe.

Ukiwa na Isuzu yenye 6BD1, ambayo ni sentimita za ujazo 5,785, mambo mengi yaliyo hapa chini yanakuhusu pia. Ukiwa na Magirus-Deutz inayopozwa kwa hewa, huna rejeta wala pampu ya maji ya kugharamia, ila lazima usafishe matundu yote ya kupitisha hewa kati ya silinda. Nyigu na panya hujenga humo, na silinda moja iliyozibwa huungua peke yake wakati nyingine zikiwa salama.

Njia ya kwanza: kuiamsha tu

Hii ndiyo njia ya gharama ndogo kuliko zote, na kila mtu aianze hii hata kama mwishoni ataishia kwenye oveholi, kwa kuwa ndiyo inayokupa habari. Kosa kubwa ni kufunga betri na kupiga stata siku ya kwanza. Maji yaliyoingia kwenye silinda hayabanwi kama hewa. Pistoni ikiyakuta, kinachopinda ni mkono wa pistoni, na injini iliyokuwa nzima asubuhi inakuwa chuma chakavu kabla ya mchana. Fundi anayejua kazi atakuambia, "Papa, stata usiiguse kwanza," na huyo ndiye wa kumpa kazi.

Anzia chini. Legeza boliti ya sampu polepole, uzi mmoja mmoja, beseni likiwa tayari. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo kama yamo yatatangulia: kwanza matone, kisha mkondo wenye rangi ya kutu, ndipo oili nyeusi ifuate. Vikombe viwili vya maji kwenye lori lililolala nje masika kadhaa si ajabu, hasa kama bomba la moshi lilikuwa wazi likitazama juu. Lakini oili yote ikitoka nyeupe-nyeupe kama uji, fikiria gasketi ya hedi au ufa. Pitisha sumaku ndani ya beseni. Vumbi jembamba la chuma ni la kawaida kwa injini ya zamani. Vipande vinavyong'aa vyenye umbo ni habari mbaya, na zaidi vikiwa vya rangi ya shaba ambavyo sumaku haivishiki, maana hivyo vinatoka kwenye beringi za krenki.

Kisha toa nozeli zote sita. Mimina kwenye kila silinda mchanganyiko wa dizeli na oili nyepesi ya gia otomatiki, kiasi cha kikombe kidogo cha kahawa, uache siku kadhaa upenye kwenye ringi. Baadaye zungusha injini kwa mkono, kwa spana kubwa kwenye boliti ya mbele ya krenki. Usilazimishe kwa bomba refu. Ikisogea robo mzunguko, irudishe, isogeze tena, ongeza mchanganyiko. Nozeli zikiwa nje, maji na uchafu vitarushwa kupitia matundu, kwa hiyo mtu asiweke uso pale.

Funua pia kifuniko cha roka utazame vali. Vali iliyoganda kwa kutu haitashuka na nyingine, na fimbo yake ya kusukuma itapinda ukilazimisha. Hiyo ni kazi ya nyundo ya mpira, mafuta na subira, si ya fedha.

Upande wa dizeli, usitumie tanki la zamani kwa jaribio. Dizeli ya miaka hukusanya maji chini, na humo huota utelezi mweusi unaoziba filta kwa dakika chache. Ning'iniza jerikani safi juu ya injini, mpira mmoja uende moja kwa moja kwenye pampu ya kuvutia, filta ziwe mpya. Jaribio hilo linakugharimu lita chache tu za dizeli. Tanki utalisafisha baadaye, ukishajua kwamba injini inastahili.

Kabla ya kuwasha, hakikisha reki ya pampu ya nozeli inateleza kwenda na kurudi. Katika pampu iliyolala miaka, reki hiyo huganda, na mara nyingi huganda ikiwa imefunguka. Injini ikiwaka hapo itapanda mzunguko bila kikomo hadi ivunjike, na kuzima swichi hakutasaidia. Mtu mmoja asimame na ubao mpana wa kuziba mdomo wa hewa, asimame upande, asitumie mkono wala kitambaa. Huo ubao ni bima isiyo na bei.

Betri usinunue bado. Azima mbili kutoka lori linalofanya kazi, maana mengi ya malori haya yanahitaji volti 24. Weka oili ya bei nafuu kwa jaribio, kwa sababu utaimwaga baada ya saa moja au mbili pamoja na kutu na uchafu iliouosha. Ndoo ya lita 20 inatosha kujaza injini ya ukubwa huu mara moja na kubaki. Toa hewa kwenye mabomba ya dizeli, zungusha bila dizeli hadi geji ya oili ipande, ndipo uruhusu iwake.

Ikiwaka, isome. Oili isipoonyesha presha, zima mara moja. Moshi mweupe wa dakika za mwanzo, hasa asubuhi za baridi za Juni na Julai, hauogopeshi. Ukiendelea injini ikiwa imepata joto, tafuta maji au nozeli mbovu. Moshi mweusi ni dizeli nyingi au hewa kidogo. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Fungua kifuniko cha kujazia oili: pumzi kidogo ni kawaida, lakini hewa ikisukuma kama bomba la mvukuto na kutema oili, ringi zimekwisha.

Gharama za njia hii ni filta, oili mara mbili, mipira ya maji, gasketi ndogo, kupima na kusafisha nozeli kwenye mashine, na siku za fundi. Inafaa kama injini ilikuwa nzima siku lori lilipoegeshwa. Ndiyo maana swali la kwanza la fundi linapaswa kuwa: lilisimama kwa sababu gani? Lililosimama kwa kukosa tairi au hati lina nafasi nzuri. Lililosimama kwa kuchemsha maji tayari limekwisha kukujibu.

Njia ya pili: nusu oveholi

Injini imewaka, ina presha ya oili, lakini inapumua na kula oili. Hapa hedi inashushwa, vali zinasagwa, gasketi inabadilishwa, pistoni zinatolewa, zinawekwa ringi mpya na beringi mpya za mikono. Bloku linabaki ndani ya lori, na hicho ndicho kinachopunguza gharama.

Njia hii ni nzuri kwa sharti moja: silinda ziwe bado ndani ya kipimo. Pitisha ukucha juu ya silinda, pale ringi ya kwanza inapogeukia. Ukucha ukikwama kwenye ngazi, silinda imelika. Ukucha ni dalili tu. Hukumu inatolewa na geji ya ndani na maikromita. Kuweka ringi mpya kwenye silinda iliyolika hakuna faida: moshi utapungua kwa muda mfupi, kisha utarudi, na gasketi, oili na kazi ya fundi vitakuwa vimelipiwa bure.

Njia ya tatu: oveholi kamili

Hapa injini inashuka. Bloku na krenki vinakwenda kwenye karakana ya mashine. Silinda zinachongwa upya na kupewa pistoni za saizi ya juu, au zinawekwa slivu. Krenki inasagwa na kupewa beringi za saizi ya chini, kwa kawaida hatua za milimita 0.25. Pampu ya oili inabadilishwa au kupimwa, pampu ya nozeli inarekebishwa kwenye benchi.

Watu wa Lualaba wana bahati ambayo wengi hawaithamini. Ukanda huu umezalisha vizazi vya mafundi wa lathe na wa kusaga chuma, kwa sababu migodi haikuweza kufanya kazi bila wao. Karakana kuu za Gécamines pale Panda, Likasi, zilikuwa shule ya wengi, na waliofundishwa nao bado wapo mitaani Likasi, Kolwezi na Lubumbashi. Kusaga krenki si lazima kuvuke mpaka. Kutoka Lubudi, bloku linaweza kupanda lori lingine au treni ya SNCC kupitia Tenke hadi Likasi, ingawa ratiba ya treni si ya kutegemea kwa kazi ya haraka.

Kuna sheria mbili za kuokoa fedha. Ya kwanza: usinunue beringi wala pistoni kabla karakana haijakupa kipimo kwa maandishi. Ukinunua beringi za 0.25 na krenki ikahitaji 0.50, umebaki na boksi la mapambo. Ya pili: nunua spea mwenyewe, kwa risiti. Majina kama Mahle na Kolbenschmidt kwa pistoni, Goetze kwa ringi, Glyco kwa beringi, Elring kwa gasketi na Bosch kwa nozeli yanaigwa sana. Boksi lenye herufi zilizofifia, spea isiyo na namba iliyogongwa kwenye chuma, na bei iliyo nusu ya maduka mengine yote, ni sababu tatu za kuondoka dukani.

Usilisahau rejeta. Rejeta la malori haya ni la shaba nyekundu na shaba ya njano, si la aluminiamu na plastiki. Fundi wa kuchomelea kwa risasi anaweza kulifungua, kulisukua na kuliziba, na likafanya kazi miaka mingine. Atakayekushauri ulitupe ununue jipya, muulize kwanza atakwenda kuuza wapi shaba ya lile la zamani. Na kidhibiti joto kirudishwe mahali pake. Kukiondoa hakuponyi injini inayochemsha, bali huifanya iende baridi na kulika mapema.

Njia ya nne: injini ya mtumba ya aina ile ile

Injini za mtumba hutufikia kwa njia nyingi: kutoka maduka ya Sharjah, kutoka Gerezani pale Kariakoo, Dar es Salaam, au kutoka malori yaliyochinjwa Zambia na hapa kwetu. Mvuto wake ni muda. Ukiwa na kreni au winchi na fundi mzuri, inaingia haraka kuliko oveholi inavyomalizika. Ikiwa bloku lako lina ufa au mkono wa pistoni umetoboa ubavu, hii ndiyo njia yenyewe.

Tatizo lake ni kwamba unanunua historia ya mtu mwingine. Rangi mpya haithibitishi kitu. Mara nyingine inaficha ufa. Dai kuisikia ikiwaka ikiwa baridi, wala usikubali kuikuta tayari imepashwa joto kabla hujafika. Fungua kifuniko cha oili ikiwa inafanya kazi. Uliza kama bei ni ya injini tupu au kamili, yaani pamoja na pampu ya nozeli, stata, alteneta na flaiwili. Injini tupu ya bei ndogo ikishanunuliwa vitu hivyo huipita kamili.

Kuna jambo jingine la Kongo. Sisi tunaendesha upande wa kulia, wenzetu wa Tanzania na Zambia upande wa kushoto. Injini iliyotoka kwenye lori lenye usukani wa kulia inaweza kuwa na bomba la moshi, mikono ya kushikilia au nyaya za akseli mahali panapogongana na usukani wako. Beba picha na vipimo vya lori lako unapokwenda kununua, na gharama ya kubadilisha vishikizo iingie kwenye hesabu tangu mwanzo.

Mwisho, andikishaneni dhamana: siku ngapi, inahusu nini, na nani analipa usafiri wa kurudisha chuma cha mamia ya kilo kutoka Lubudi. Muuzaji anayekataa kuandika amekupa jibu.

Njia ya tano: injini ya aina nyingine, au kuachana nalo

Wapo wanaoshawishiwa kuweka injini tofauti kabisa, kama Cummins 6BT ya lita 5.9, au WD615 ya lita 9.7 kutoka lori la Howo, kwa sababu spea za Kichina zimejaa njia yote ya migodi. Injini hizo ni nzuri zikiwa ndani ya magari yake. Kwenye 1113 zinadai vishikizo vipya, kasha la klachi, klachi, shafti, rejeta na mabomba, na WD615 inazidi kwa mbali uwezo wa giaboksi na difu yako. Kila kimoja ni bei ndogo, na jumla yake ndiyo huwashangaza watu. Namba ya injini nayo isipolingana na hati zako, ukaguzi wa njiani utakuchosha. Njia hii naipa mwenye karakana yake na malori kadhaa, si mwenye lori moja.

Na kama chesisi imeoza kwenye maungio, au kabini imekwisha, hesabu ya haki ni kuuza lori kwa vipande. Giaboksi, difu, springi na rimu za 1113 zina wateja. Fedha hiyo ikikodisha lori kwa msimu wa mavuno, Aprili hadi Juni, inaweza kukuingizia zaidi kuliko injini mpya ndani ya mwili uliokufa.

Hesabu ya mfano

Tuseme umepewa bei hizi, za kufundishia tu. Nusu oveholi dola 1,800, na fundi anategemea idumu miezi 24. Oveholi kamili dola 4,000, miezi 60. Injini ya mtumba dola 2,600, usafiri 300, kufunga 400, jumla 3,300.

Gawanya kwa miezi. Nusu oveholi ni dola 75 kwa mwezi. Oveholi kamili ni karibu 67. Mtumba ikidumu miezi 36 ni karibu 92, lakini ikifa baada ya 12 ni 275. Oveholi kamili iliyoonekana ghali ndiyo imekuwa nafuu, na mtumba iliyoonekana ya katikati ndiyo yenye hatari, kwa sababu hakuna anayejua miezi yake.

Ongeza dizeli. Injini iliyochoka ikinywa lita 5 zaidi kwa kila kilomita 100, na lori likatembea kilomita 2,000 kwa mwezi, hiyo ni lita 100 za ziada kila mwezi. Zidisha kwa bei ya lita Kolwezi ya siku hiyo, uijumlishe kwenye njia inayokuacha na silinda zilizolika. Mara nyingi hapo mjadala unakwisha.

Hesabu hugeuka lori likiwa la msimu tu. Litakalobeba mahindi miezi mitatu na kulala tisa halitarudisha fedha ya oveholi kamili kwa haraka, na nusu oveholi kwenye silinda nzuri ndiyo saizi yake. Hugeuka pia ukiwa umekopa. Riba ya kila mwezi na kipato kinachopotea lori likiwa karakana ni sehemu ya bei, ingawa hakuna fundi atakayeviandika kwenye karatasi yake.

Gharama zinazosubiri nje ya injini

Injini inayonguruma humfanya mtu asahau lori lingine lote. Tairi zilizosimama miaka hupasuka hata zikiwa na meno marefu. Soma tarakimu nne za mwisho ubavuni: 0815 ni wiki ya 8 ya mwaka 2015. Tairi sita mpya zinaweza kupita gharama yote ya kuamsha injini, kwa hiyo zihesabu kabla. Mipira ya silinda za breki ibadilishwe yote, bila mjadala. Klachi iliyoganda kwenye flaiwili, mabomba ya breki yaliyoliwa na kutu na waya zilizotafunwa na panya, vyote viwe na mstari wake kwenye karatasi.

Kisha hati: karte roze, vinyeti, kontroli tekniki na bima. Ulizia deni lake kabla ya kununua hata filta, na kwa safari za Likasi na Kolwezi weka peaje kwenye hesabu ya kila mzigo. Na chujio la hewa liwe jipya na zima. Vumbi jekundu la kiangazi chetu likipita kwenye chujio lililotoboka linamaliza ringi mpya ndani ya msimu mmoja, na oveholi ya maelfu ya dola inakuwa imeuawa na spea ya bei ndogo.

Uamuzi

Kwa mwenye lori moja Lubudi, mpangilio wangu ni huu. Amsha kwanza, kwa betri za kuazima na jerikani, ukilipa kazi ya fundi kwa hatua. Injini ikijibu vizuri, simama hapo, tengeneza breki na tairi, ufanye kazi. Ikipumua na silinda ziko ndani ya kipimo, fanya nusu oveholi. Silinda au krenki zikiwa zimetoka kwenye kipimo na lori lina kazi mwaka mzima, fanya oveholi kamili Likasi au Kolwezi, usitafute njia ya mkato. Injini ya mtumba iwe ya bloku lililopasuka tu, iwe ya aina ile ile, kamili, iliyosikika ikiwaka baridi, na yenye dhamana iliyoandikwa. Injini ya aina nyingine iache.

Usimpe mtu yeyote fedha ya injini, awe fundi au muuza spea, kabla hujashika karatasi yenye vipimo vya silinda zote sita na vya krenki. Karatasi hiyo ndiyo spea ya bei ndogo kuliko zote utakazonunua, na ndiyo itakayoamua nyingine zote.